Kisiwa Kisichokuwapo: Ubwari, Uvira na Maarifa ya Wenyeji Kaskazini mwa Ziwa Tanganyika

Utangulizi

Katika ramani zilizotokana na safari ya Richard Burton na John Speke ya miaka ya 1857 hadi 1859, sehemu ya kaskazini ya Ziwa Tanganyika inaonyesha kisiwa kirefu kinachoitwa Ubwari. Kisiwa hicho hakipo, wala hakijapata kuwapo. Ubwari ni rasi. Ni mkono wa milima ulioungana na bara kwa upande wa kusini, ukanyooka kuelekea kaskazini hadi kwenye ncha ya Banza. Kati ya mkono huo na bara la magharibi pana ghuba ndefu iliyo wazi kwa upande wa kaskazini, na mji wa Baraka umekaa kando ya ghuba hiyo. Kwa mgawanyo wa kiutawala wa leo, rasi yote imo katika wilaya ya Fizi, mkoa wa Kivu ya Kusini, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kusini mwa mji wa Uvira.

Kosa la kuigeuza rasi kuwa kisiwa lilidumu kwa miaka 18, yaani tangu 1858 hadi 1876. Katika muda huo wasafiri mashuhuri walipita kando ya Ubwari, wakalala katika bandari zake, wakanunua chakula kwa watu wake, na bado wakaendelea kuiita kisiwa. Kwa upande mwingine, Wabwari waliokuwa wakikaa humo, pamoja na wavuvi na wachuuzi waliokuwa wakivuka ziwa kila msimu, hawakuhitaji kuambiwa na mtu kwamba nchi hiyo imeungana na bara.

Makala haya yanachunguza jinsi kosa hilo lilivyotokea na jinsi lilivyosahihishwa. Aidha, yanalinganisha kosa hilo na mambo mengine mawili ya mwambao huohuo: mjadala kuhusu mwelekeo wa mto Rusizi, na tabia ya kuiona nchi ya milima ya Fizi na Uvira kuwa pori tupu. Hoja inayotetewa ni kwamba katika mambo yote matatu maarifa sahihi yalikuwapo tayari miongoni mwa wenyeji. Kilichokosekana ni namna ya kuyauliza, lugha ya kuyapokea, na nia ya kuyaamini.

Ubwari ilivyofanywa kisiwa

Burton na Speke walifika Ujiji mwezi Februari 1858 wakiwa wagonjwa. Speke alikuwa haoni vizuri, na Burton hakuweza kutembea kwa nguvu zake mwenyewe. Shabaha yao kubwa ilikuwa kujua kama ziwa hilo lina uhusiano na mto Naili. Kwa ajili hiyo walitaka kufika kwenye ncha ya kaskazini, ambako walikuwa wamesikia kwamba kuna mto mkubwa. Baada ya Speke kushindwa kupata jahazi la kukodi katika kisiwa cha Kasenge, iliwabidi wategemee mitumbwi ya Kannena, mkuu wa Kawele huko Ujiji. Mtumbwi wa Burton ulikuwa na urefu wa futi 60 hivi, na ule wa Speke ulikuwa mdogo zaidi. Safari ilianza mwezi Aprili, katika majira ya mvua.

Mitumbwi ilifuata kwanza pwani ya mashariki hadi Wafanya, katika nchi ya Urundi. Kutoka hapo ilivuka ziwa kuelekea magharibi, ikatua Ubwari mahali palipoitwa Mzimu, kisha ikapanda hadi Mtuwwa karibu na ncha ya kaskazini. Kutoka Mtuwwa wapiga makasia walikata moja kwa moja hadi pwani ya magharibi, wakaifuata pwani hiyo mpaka Uvira. Waliingia Uvira tarehe 26 Aprili 1858.

Njia hii yenyewe inatosha kueleza sehemu kubwa ya kosa. Mtu atokaye mashariki huona ukuta wa milima ya Ubwari ukiinuka majini, na nyuma yake huona milima mirefu zaidi ya bara la magharibi. Akiizunguka ncha ya kaskazini, huona maji ya ghuba yakienda kusini hadi upeo wa macho. Mitumbwi ya Kannena haikuwa na sababu ya kuingia katika ghuba hiyo, kwa kuwa shughuli yake ilikuwa Uvira. Kwa hiyo wasafiri waliona pande mbili za nchi, yaani mashariki na kaskazini, wakazikisia pande mbili zilizobaki. Katika kitabu chake Burton aliikadiria Ubwari kuwa na urefu wa maili 20 hadi 25 na upana usiozidi maili nne au tano, akaifananisha na mgongo wa nguruwe.

Hata hivyo, macho peke yake hayatoshi kuwa sababu. Katika mitumbwi ile walikuwamo watu waliokuwa wameizoea nchi hiyo, nao wangeweza kuulizwa. Hapa ndipo suala la lugha linapojitokeza. Speke hakujua Kiswahili wala Kiarabu; alizungumza Kihindustani na Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyekuwa amewahi kuishi utumwani Bara Hindi, na Bombay akazungumza Kiswahili na wengine. Burton alikuwa mjuzi wa Kiarabu na alijifunza Kiswahili kiasi. Habari iliyotoka kwa Mbwari au Mvira ilibidi ipitie kwa wapiga makasia wa Ujiji, kisha iingie katika Kiswahili, kisha Kihindustani au Kiarabu, na hatimaye Kiingereza. Katika kila kivuko kitu fulani kiliweza kuanguka majini.

Jina lenyewe la Ubwari linafaa kutazamwa. Kiambishi U- katika majina kama Uvira, Urundi, Ujiji na Ubwari hutaja nchi ya watu fulani. Ubwari ni nchi ya Wabwari, kama vile Uvira ilivyo nchi ya Wavira. Jina la namna hiyo halisemi lolote kuhusu umbo la nchi: halisemi kwamba ni kisiwa, rasi, bonde wala mlima. Burton alilifahamu jambo hili, kwani katika kitabu chake aliwaeleza wasomaji kazi ya viambishi U-, M-, Wa- na Ki-. Lakini wachora ramani hawakuhitaji nchi ya Wabwari; walihitaji mstari wa pwani. Basi neno kisiwa likaongezwa mbele ya jina, na baada ya hapo neno hilo likaonekana kama sehemu ya habari iliyotolewa na wenyeji.

Maelezo ya Burton kuhusu hali ya nchi hiyo nayo yana mgongano unaostahili kuangaliwa. Anasema kwamba Ubwari ilikuwa ya kijani kutoka kileleni hadi majini, na kwamba sehemu zake nyingine zilionekana zimelimwa kwa uangalifu. Anasema pia kwamba watu walishuka ufukweni kwa wingi kubadilishana pembe za ndovu, watumwa, mbuzi na vyakula kwa chumvi, shanga, nyaya na nguo. Papo hapo anaeleza kwamba mabaharia hawakuthubutu kushuka isipokuwa katika bandari kuu, kwa kuwa katika misitu ya mlimani walidhaniwa kujificha watu wakali wanaowawinda binadamu. Nchi iliyolimwa na yenye masoko ikawa, katika ukurasa uleule, nchi ya mwitu. Ufumbuzi wa mgongano huo hauko mbali. Mahali ambapo watu huuzwa pamoja na mbuzi, wakazi wa mlimani wana kila sababu ya kuwachungulia wageni kutoka nyuma ya miti, na mabaharia wanaobeba watumwa wana kila sababu ya kuuogopa mlima.

Mto uliogeuzwa

Huko Uvira ulitokea mkasa mwingine wa maarifa, na huu ulikuwa na matokeo makubwa kuliko wa Ubwari. Uvira ilikuwa wakati huo kituo cha mwisho kaskazini ambacho wafanyabiashara walikuwa wameruhusiwa kufika. Burton na Speke walitembelewa na wana watatu wa mtawala aliyeitwa Maruta. Walipoulizwa kuhusu Rusizi, vijana hao walijibu bila kusita kwamba mto huo unaingia ziwani, hautoki. Watu wengine waliokuwapo walithibitisha maneno hayo. Kwa Burton lilikuwa pigo kubwa, kwa kuwa mto usiotoka ziwani hauwezi kuwa Naili.

Tumaini la wasafiri lilikuwa limejengwa juu ya maneno ya Sheikh Hamed bin Sulayyim wa Kasenge, ambaye Speke alimwelewa kuwa amesema mto mkubwa unatoka ziwani upande wa kaskazini. Huko Uvira Bombay alieleza kwamba Speke alikuwa amemwelewa vibaya sheikh huyo. Alizungumzia mto unaoingia. Bombay aliongeza kwamba, kwa imani yake, sheikh mwenyewe hakuwahi kusafiri kupita Ubwari. Maelezo haya ya mkalimani ni miongoni mwa sehemu muhimu sana za kisa hiki. Yanaonyesha kwamba Bombay hakuwa bomba la kupitishia maneno tu. Alipima habari kwa kumtazama msemaji: amefika wapi, ameona nini, na anasema kwa kuona au kwa kusikia. Huo ndio msingi wa uhakiki wa masimulizi, ambao leo hufundishwa katika madarasa ya historia.

Wapiga makasia walikataa kuendelea kaskazini zaidi, wakihofia watu wa huko. Burton na Speke wakarudi bila kuuona mlango wa Rusizi. Mwezi Agosti mwaka huohuo Speke alifika kwenye ziwa aliloliita Victoria, akatangaza kwamba ndilo chanzo cha Naili, na ugomvi kati yao ukaanza. Ugomvi huo ulifikia kilele mwezi Septemba 1864, Speke alipokufa kwa risasi ya bunduki yake mwenyewe siku moja kabla ya mjadala uliokuwa umepangwa huko Bath, Uingereza.

Baada ya kifo hicho, katika mwaka uleule, Burton alichapisha pamoja na James M'Queen kitabu kuhusu bonde la Naili. Humo alijaribu kuonyesha kwamba Tanganyika ingeweza kuwa chanzo cha Naili, na kwa hiyo kwamba Rusizi ungeweza kuwa unatoka ziwani. Ushahidi wa wana wa Maruta, ambao yeye mwenyewe alikuwa ameuandika, ukawekwa kando. Walioishi karibu na mlango wa mto wakashindwa na hoja iliyojengwa London na mtu ambaye hakuuona.

Rasi yarudishwa barani

David Livingstone na Henry Stanley walipokutana Ujiji mwaka 1871, jambo la kwanza walilolifanya pamoja lilikuwa kwenda kulimaliza suala la Rusizi. Waliondoka mwezi Novemba wakifuata pwani ya mashariki, wakafika kaskazini katika nchi ya Mugihewa, iliyotawaliwa na Ruhinga. Mkuu huyo aliwaeleza kwamba Rusizi unaingia ziwani, akawatajia mito inayoumiminia maji, na akasema kwamba unaanzia karibu na ziwa liitwalo Kivo. Wasafiri wakapiga makasia hadi mlangoni, wakayaona maji yakiingia ziwani kwa nguvu. Wana wa Maruta walikuwa wamesema kweli miaka 13 kabla. Kuhusu Kivo, yaani Kivu, Ulaya ilingoja hadi mwaka 1894, Mjerumani von Götzen alipofika kwenye ziwa hilo.

Wakati wa kurudi Livingstone na Stanley walishuka kwa pwani ya magharibi, wakavuka hadi ncha ya kaskazini ya Ubwari, ambayo Stanley aliiandika Panza. Ni dhahiri kwamba ndiyo Banza ya ramani za leo. Lakini hata safari hiyo haikuingia katika ghuba. Stanley aliiita nchi hiyo kisiwa cha Muzimu. Msomaji wa Kiswahili atatambua mara moja kwamba jina hilo linahusu mahali pa mizimu, na kwamba ni lilelile ambalo Burton aliliandika Mzimu kwa bandari moja tu. Jina la bandari likawa jina la kisiwa, na kisiwa chenyewe hakikuwapo.

Kosa lilisahihishwa mwaka 1876. Katika mwezi wa Juni na wa Julai, Stanley alilizunguka ziwa lote kwa muda wa siku 51 katika mashua yake iliyoitwa Lady Alice. Kwa kuwa safari hii ilikusudia kuufuata kila mkunjo wa pwani, aliifuata Ubwari kwa pande zake zote mbili, akaona mahali inapoungana na bara. Kisiwa kikafutwa, na ghuba iliyo kati ya rasi na bara akaiita kwa jina la Burton. Jina hilo linatumika katika ramani hadi leo. Hivyo ndivyo ghuba ilivyopata jina la mtu aliyepita mlangoni mwake bila kuingia, aliyesababisha isijulikane Ulaya kwa miaka 18.

Pori lenye watu

Hadithi ya Ubwari ingeweza kukomea hapo kama ingekuwa hadithi ya ramani tu. Lakini lipo kosa la tatu ambalo halikufutwa mwaka 1876, nalo ni kuiona nchi hii kuwa pori lisilo na historia.

Katika Kiswahili cha kila siku, pori halimaanishi nchi isiyo na mtu. Pori ni mahali pa kuchanja kuni, kutafuta dawa, kuwinda, kurina asali na kulisha mifugo. Ni shamba lililolazwa jana na litakalofunguliwa kesho. Mtu husema anakwenda porini akijua njia na kisima. Kwa wageni wengi waliofika kaskazini mwa Tanganyika, hali ilikuwa tofauti: palipokosa nyumba palikosa mwenyewe.

Matukio ya karne ya 19 na ya 20 yaliongeza upofu huo, kwa sababu yaliwaondoa watu katika baadhi ya sehemu. Katika miaka ya 1880 mwambao huu ulikuwa chini ya nguvu za Muhammad bin Khalfan, maarufu kwa jina la Rumaliza, aliyekuwa na makao Ujiji na wawakilishi hadi Uvira. Mapadri Weupe waliotumwa na Kardinali Lavigerie walifungua misheni huko Masanze mwaka 1880, na nyingine huko Kibanga, katika rasi yenyewe ya Ubwari, mwaka 1883. Kibanga ilikusanya watu waliokombolewa utumwani, lakini haikudumu zaidi ya muongo mmoja hivi. Utawala wa Rumaliza ulivunjwa na majeshi ya Dola Huru la Kongo katika vita vya 1892 hadi 1894. Hatimaye, mwanzoni mwa karne ya 20, ugonjwa wa malale ulienea katika fukwe za ziwa na kuua watu wengi.

Namna malale yalivyotengeneza pori inaonekana wazi zaidi katika Ziwa Victoria. Huko Uganda, Gavana Hesketh Bell aliwaondoa wakazi wa fukwe na kisha wa visiwa vya Ssese, kazi iliyokamilika kufikia 1909. Visiwa vilivyokuwa na mashamba ya migomba vikarudi kuwa msitu. Msafiri aliyepita baada ya hapo angeweza kuapa kwamba msitu ule haujapata kuguswa na binadamu. Kwa upande wa Burundi, utawala wa Wajerumani nao uliwahamisha watu kutoka ufukweni mwa Tanganyika kwa sababu hiyohiyo. Kwa hiyo baadhi ya nchi zinazoitwa asilia katika maziwa makuu ni makaburi ya vijiji.

Baada ya uhuru, milima ya Uvira na Fizi ilitumika kwa namna nyingine tena. Mwaka 1964 Uvira iliangukia mikononi mwa waasi wa Simba. Tarehe 24 Aprili 1965 Ernesto Che Guevara alivuka ziwa kutoka Kigoma pamoja na Wakuba wenzake, akatua Kibamba katika pwani ya Fizi. Wakuba hao walijipa majina ya siri kwa kutumia hesabu za Kiswahili: Moja, Mbili, na Guevara mwenyewe Tatu. Aliletewa kijana wa Kikongo, Freddy Ilanga, amfundishe Kiswahili na kumfasiria. Guevara aliondoka mwezi Novemba mwaka huohuo akiwa ameshindwa, na katika kumbukumbu zake alikiri kwamba kutojua Kiswahili kulimtenga na watu aliotaka kuwaongoza. Laurent Kabila alibaki na kundi lake katika milima hiyo kwa miaka mingi. Kwa serikali ya Kinshasa lilikuwa pori la waasi. Kwa Wabembe wa huko ilikuwa nchi ya nyumbani iliyogeuzwa uwanja wa vita.

Hifadhi na mipaka

Ng'ambo ya ziwa, mkabala na Ubwari, iko Gombe, upande wa Tanzania. Sehemu hii ilitengwa kuwa pori la akiba mwaka 1943 na kufanywa hifadhi ya taifa mwaka 1968. Jane Goodall alifika huko mwezi Julai 1960 kuwachunguza sokwe, na siku zilezile Kigoma ilikuwa imejaa Wabelgiji waliokuwa wakiikimbia Kongo kwa kuvuka ziwa. Pwani hizi mbili zilikuwa zikisikilizana siku zote, na mwaka 1975 zilikutana kwa ubaya. Usiku wa tarehe 19 Mei, wapiganaji wa Kabila walivuka kwa mashua, wakawateka wanafunzi wanne wa kigeni huko Gombe na kuwapeleka upande wa pili. Wote waliachiliwa baadaye wakiwa hai.

Kinachohusiana zaidi na makala haya ni yale yaliyofuata. Wanafunzi wa kigeni waliondolewa Gombe, na ilionekana kama utafiti ungekufa. Haukufa, kwa sababu Watanzania waliokuwa wakiitwa wasaidizi waliendelea kuwafuata sokwe kila siku na kuandika waliyoyaona. Waliandika kwa Kiswahili. Sehemu kubwa ya kumbukumbu za moja kati ya tafiti ndefu kuliko zote za wanyama duniani imehifadhiwa katika lugha hii. Hapa, tofauti na mwaka 1858, maarifa ya wenyeji hayakulazimika kupitia vivuko vinne kabla ya kuhesabiwa kuwa maarifa. Yaliandikwa na walioona, katika lugha waliyoitumia kuona.

Upande wa Kongo, suala hilo limejitokeza katika milima ya Itombwe, inayoinuka magharibi mwa Uvira na Fizi hadi kimo cha mita 3,475 katika mlima Mohi. Itombwe ni msitu wenye ndege na mamalia wa nadra. Bundi mmoja wa huko alijulikana kwa sayansi kwa kielelezo kimoja tu kilichopatikana mwaka 1951, na ndege wa aina hiyo alikamatwa tena mwaka 1996. Mwaka 2006 serikali ilitangaza Itombwe kuwa hifadhi kwa amri ya waziri. Amri hiyo ilitolewa Kinshasa bila wakazi kushauriwa ipasavyo, na mipaka iliyochorwa ilimeza vijiji, mashamba na malisho ya Wabembe, Wafuliru, Wanyindu, Warega, Wabatwa na wengineo. Ilikuwa ni ramani ya 1858 kwa mara nyingine: mstari umechorwa na mtu aliyeutazama mlima kutoka upande mmoja.

Safari hii, hata hivyo, usahihisho ulifuata njia nyingine. Baada ya malalamiko, mashirika ya uhifadhi na ya haki za wenyeji yaliketi na wanavijiji. Watu walichora ramani za maeneo yao wenyewe, wakionyesha makaburi, mito, mahali pa kuwindia na mahali patakatifu. Mipaka mipya ilikubaliwa mwaka 2016, nayo ilikuwa midogo kuliko ile ya kwanza. Haimaanishi kwamba matatizo yalikwisha. Vita vya mashariki mwa Kongo vimeendelea kuzitaabisha jamii hizo na wanyama wao pia. Lakini utaratibu huo ulikubali jambo ambalo Burton aliliandika na kisha akalikataa, kwamba mtu wa kuulizwa kwanza kuhusu mto ni yule anayekaa mlangoni mwake.

Hitimisho

Makosa matatu yaliyojadiliwa yana chanzo kimoja. Ubwari ilifanywa kisiwa kwa sababu wageni waliona pande mbili wakazikisia mbili. Rusizi uligeuzwa kwa sababu matamanio ya mwandishi yalizidi ushahidi wa wana wa Maruta. Milima iliitwa pori tupu kwa sababu waliokuwa wakiishi humo, au waliokuwa wamehamishwa kutoka humo, hawakuhesabiwa kama mashahidi. Katika kila kisa walikuwapo watu waliojua, na mara nyingi maneno yao yameandikwa katika vitabu vilevile vilivyoyapuuza. Mtafiti anayevisoma vitabu hivyo leo hana budi kuwatafuta Bombay, Ruhinga na wana wa Maruta ndani ya kurasa hizo, na kuwapa nafasi ya watoa habari wenye sifa, si ya mapambo ya safari.

Kwa wanafunzi wa Kiswahili iko kazi ya wazi. Mwambao wa kutoka Uvira hadi Baraka na Ubwari una Kiswahili chake, kilichokutana na Kivira, Kifuliru, Kibembe, Kibwari na lugha nyingine za watu wa ziwa. Msamiati wa pepo za ziwani, wa mitego na nyavu, wa bandari ndogo, wa miti ya mlimani na wa aina za pori unastahili kukusanywa kwa utaratibu kutoka kwa wavuvi na wakulima wenyewe. Vita vimewatawanya wengi wao. Maelfu walivuka ziwa mwaka 1996 na miaka iliyofuata, wakaishi katika kambi za mkoa wa Kigoma, na tangu 2005 wengine walirudishwa kwa meli hadi Baraka. Wazee wenye majina ya kila ncha ya Ubwari wako pande zote mbili za maji. Kazi ya kuwahoji inaweza kuanzia Nyarugusu kama inavyoweza kuanzia Uvira, na ifanywe wangali hai.